Mbwa mkubwa nyuma hayuko sawa: ni nyonga au kitu kingine, na eksirei apigwe lini na wapi hapa Dar

Hii ni kwa mwenye German Shepherd, Rottweiler, Boerboel, Labrador, Great Dane au mchanganyiko wowote wa hao, yuko hapa Dar, na ameanza kuona mbwa wake nyuma hayuko sawa. Ni kwa yule pia ambaye mbwa wake anakimbia vizuri tu ila anataka kumpandisha na hajawahi kujua nyonga zake zikoje. Wote wawili mtaishia kwenye eksirei, ila sio kwa muda mmoja na sio kwa sababu moja, na watu wengi hela inapotelea hapo hapo, mbwa anapigwa picha ana miezi mitatu, au anapigwa akiwa macho kashikwa na watu wanne anahangaika, picha inatoka imepinda, anaambiwa "iko poa", anarudi nyumbani na amani isiyo na msingi wowote.

Tatizo lenyewe la nyonga, kitaalamu hip dysplasia, kwa kifupi. Nyonga ni kichwa cha mfupa wa paja kinachozunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno. Kwa mbwa mwenye shida hii kiungo kimelegea, kichwa hakikai ndani, kinachezacheza kama mchi kwenye kinu kisicho na kina, na kila hatua kinasaga kingo za kikombe. Papi anazaliwa nyonga ziko sawa, ulegevu unakuja kwenye wiki na miezi ya kukua, kwa hiyo hamna mtu anayeweza kumshika papi wa wiki 6 akakuambia huyu nyonga safi. Inarithiwa, tena sio kwa kurithi kitu kimoja, ni vinasaba vingi kwa pamoja, alafu kulishwa kupita kiasi na kukua haraka vinazidisha. Ikishakaa muda mrefu mfupa unaota pembeni mwa kiungo, gegedu inachakaa, na kilichochakaa hapo hakirudi.

Sasa anza na dalili unayoiona wewe nyumbani, sio ile uliyosimuliwa na mtu wa mtaa wa pili.

Anapata shida kuinuka, hasa asubuhi

Muangalie kabla hajajua kama umeamka, maana akisikia geti au akiona bakuli anainuka kwa furaha na kila kitu kinajificha. Mbwa mwenye nyonga mbovu anajivuta kwa mikono ya mbele, kifua kinapanda kwanza, nyuma inabaki chini kidogo, miguu inateleza kwenye vigae inaenda pembeni, anairudisha, anasimama kidogo kama anajipanga, alafu hatua za mwanzo ni fupi na ngumu. Baada ya dakika chache anaonekana yuko poa. Jioni akicheza sana na watoto, kesho yake asubuhi inakuwa mbaya zaidi. Huo mtiririko, ugumu baada ya kulala, kulegea baada ya kutembea, kuzidi siku ya pili baada ya mchezo, ndo unaoniambia kiungo kinauma, iwe nyonga au kiungo kingine cha nyuma.

Kabla ya kwenda popote mtoe kwenye vigae. Nyumba zetu nyingi Mbezi, Goba, Tegeta, Kigamboni sakafu ni vigae ndani mpaka kibarazani, na mbwa wa kilo 45 mwenye kucha ndefu atateleza hata akiwa mzima. Mpeleke kwenye mchanga au majani umwangalie anavyoinuka hapo. Kama kwenye mchanga shida inaisha kabisa, kata kucha, tandika zulia au mkeka wa raba anapolala, mfuatilie wiki mbili. Ikiendelea hata kwenye ardhi yenye msuguano basi sio sakafu tena. Na hata kama ilikuwa sakafu, usimrudishe kwenye vigae papi anayekua, kuteleza kila siku kwenye kiungo kilicholegea hakumsaidii.

Akikimbia miguu ya nyuma inatua pamoja, au kiuno kinayumba

Hii mara nyingi unaiona kati ya miezi 5 na 12. Akitembea kiuno kinaenda kushoto kulia kupita kawaida, akikimbia miguu ya nyuma inaruka kwa pamoja badala ya kupokezana, ngazi anazikataa, kupanda kwenye gari anasubiri anyanyuliwe. Ukimsimamia nyuma ukamshika mapaja utakuta yamepungua nyama wakati mabega yamejaa, maana uzito ameshauhamishia mbele. Kwa umri huo na dalili hizo nyonga ndo mtuhumiwa wa kwanza na hapa hausubiri umri wa cheti cha kuzalishia, unampeleka apigwe picha sasa hivi kwa ajili ya matibabu, cheti ni habari nyingine.

Mrekodi kwa simu kabla hujaenda. Video moja kutoka nyuma, moja kutoka ubavuni, anatembea na anakimbia polepole kwenye ardhi iliyo sawa. Akifika klinik na harufu za mbwa wengine na paka kwenye maboksi ataficha kila kitu, daktari atamuona anatembea kama askari wa gwaride na wewe utaonekana unasumbua watu.

Mguu mmoja tu, ghafla

Jana alikuwa mzima, leo mguu mmoja wa nyuma anaugusisha kwa vidole tu au anauning'iniza. Nyonga huwa haiji hivo. Angalia kwanza nyayo na katikati ya vidole, mwiba, chupa, ukucha uliovunjika. Kama hamna kitu, fikiria goti. Kano ya ndani ya goti kwa mbwa wakubwa inakatika sana, na mbwa wengi wanaotembea na jina la "mgonjwa wa nyonga" shida yao ya kweli iko kwenye goti, wamepigwa picha ya nyonga, nyonga ikakutwa na kasoro kidogo, basi lawama yote ikatupiwa huko na goti likaachwa. Muangalie akikaa: akikaa anatupa mguu mmoja nje pembeni badala ya kuukunja vizuri chini yake, goti hilo. Kwa daktari usiseme "nipigie nyonga", sema "mkague mguu wote, goti kwanza", kwa sababu ukiagiza nyonga utapewa nyonga.

Leo mguu huu, wiki ijayo ule

Papi mkubwa wa miezi 5 mpaka 18, hasa dume la German Shepherd, anachechemea mguu mmoja siku kadhaa, inaisha, inahamia mwingine, hata wa mbele. Ukibonyeza katikati ya mfupa mrefu analia au anageuka kukutazama. Huo ni uvimbe wa ndani ya mifupa mirefu kipindi cha kukua, unauma kweli lakini unaisha wenyewe, anahitaji dawa ya maumivu ya mbwa na kupumzishwa. Nyonga haihami mguu kwenda mkono.

Na kama papi analishwa nyama tupu bila mifupa, au ugali na mchuzi basi, kuna uwezekano wa mifupa kukosa kalshiamu, inakuwa myembamba, inapinda au inavunjika kwa kuruka kidogo tu. Hiyo inaonekana kwenye eksirei na inatibika kwa kurekebisha chakula. Upande wa pili kuna wanaompa papi chakula kamili cha paketi cha mbwa wakubwa alafu wanamwagia na unga wa kalshiamu juu "ili mifupa iwe migumu". Usifanye hivo. Papi wa mbwa mkubwa hawezi kuikataa kalshiamu iliyozidi, inaingia mwilini na inaharibu ukuaji wa mifupa.

Amekakamaa wote, hali, mwili wa moto

Hapa Dar hii naiweka mbele ya nyonga kila mara. Joto letu na unyevu kupe wanazaliana mwaka mzima, na kupe wa kahawia wa mbwa ndo anayeleta ehrlichia, ugonjwa wa damu, na babesia, nao wa damu, pia inapitia kwa kupe. Mbwa anakakamaa, hataki kuinuka, viungo vinaweza kuvimba, fizi zimepauka, macho hayana uhai, wengine damu puani au vidoa vyekundu tumboni kwenye ngozi nyembamba. Ukimuangalia kwa mbali unasema "nyonga hizo, si mbwa mkubwa". Mfunue fizi, mpapase masikio ndani, chini ya kwapa, katikati ya vidole, na mpeleke akapimwe damu siku hiyo hiyo. Na usikubali alazwe kwa dawa ya usingizi kwa ajili ya picha ya nyonga kabla ya damu kuangaliwa, mbwa mwenye damu pungufu au chembe sahani (zile za kugandisha damu) zilizoshuka sio wa kuchezewa na nusu kaputi.

Anaburuza vidole na wala haonyeshi kuumwa

Mbwa wa miaka 8 na kuendelea, German Shepherd hasa, kucha za katikati za miguu ya nyuma zimelika upande wa juu, unasikia kabisa sauti ya kukwaruza kwenye sementi, miguu inapishana inajikanyaga. Geuza unyayo wake ukanyagie mgongo wa vidole, mbwa mzima anaurudisha papo hapo, huyu anauacha hivo hivo. Hiyo ni neva, uti wa mgongo, sio kiungo. Picha ya nyonga ya mbwa wa umri huo karibu lazima itaonyesha uchakavu fulani, na ukiutibu huo peke yake utapoteza muda wakati uti wa mgongo unaendelea kuzidiwa.

Alikuwa anachechemea, sasa amepona mwenyewe

Hii ndo inayonisikitisha kuliko zote kwa sababu inakuja na furaha. Papi alichechemea akiwa na miezi 7 au 8, akifika mwaka na kidogo ametulia, anakimbia. Kilichotokea ni kwamba mwili umekikaza kiungo kwa makovu, kichwa cha mfupa hakichezi sana tena kwa hiyo maumivu makali yamepungua, ila umbo la kikombe limebaki vile vile bovu na uchakavu unaendelea polepole mpaka akifika miaka mitano sita unarudi tena, safari hii hauondoki. Na katikati hapo, kwenye miaka yake mizuri akiwa anapendeza kifua kimejaa, ndo watu wanaomba ampande jike wao.

Au "amepona" baada ya sindano. Kuna sindano ya deksa (deksamethasoni, dawa ya steroidi) ambayo inachomwa sana mitaani, mbwa anaamka kesho yake kama mpya, mwenye mbwa anamshukuru aliyechoma, baada ya siku chache yuko pale pale. Inazima maumivu na inaficha ugonjwa wowote ule, kupe, goti, nyonga, vyote vinaonekana vimepona. Usimpe pia diklofenaki, ibuprofeni wala panadoli ya nyumbani, zinatoboa tumbo na kuua figo au ini la mbwa. Dawa za maumivu za mbwa zipo, meloxicam na carprofen ndo za kawaida, kwa dozi ya uzito wake na kwa mkono wa daktari, na mwambie daktari kama deksa ilishachomwa, maana hizo mbili hazikutanishwi. Akienda kupigwa picha na kukaguliwa, daktari ajue kila alichomeza.

Hana dalili yoyote

Basi huyu ndo wa kupimwa, kama unataka azae. Mwendo na picha havilingani, kuna mbwa picha mbaya kabisa na anaruka ukuta, na kuna mwenye picha ya wastani anaumia kweli. Kwenye matibabu unafuata mbwa anavyojisikia, kwenye kuzalisha unafuata picha. Dar tunazalisha mbwa wakubwa kwa sura, kichwa kikubwa, rangi, baba yake katoka Afrika Kusini, na nyonga haiulizwi kabisa, alafu papi anauzwa hela nyingi kwa familia ambayo baada ya mwaka inamtazama akishindwa kupanda ngazi tatu za kibaraza. Jamani hiyo inazuilika kwa kiasi kikubwa, inahitaji tu baba na mama wapigwe picha kabla hawajakutanishwa. Wote wawili, cheti cha baba peke yake ni nusu ya habari. Na hata wote wakiwa safi kuna papi anaweza kutoka na shida, vinasaba ndo vilivyo, ila uwezekano unashuka.

Sasa ni lini

Umri unategemea unataka jibu gani.

Kuanzia wiki 16 kuna njia inaitwa PennHIP, ilitoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mbwa analazwa kabisa, zinapigwa picha tatu, mojawapo kiungo kinavutwa nje kwa kifaa maalum ili kupima kinalegea kiasi gani, jibu linakuja kwa namba kati ya 0 na 1, na ikiwa 0.30 au chini hatari ya kuja kuchakaa ni ndogo. Ni njia nzuri sana kwa papi ila lazima daktari awe amesomea njia hiyo yenyewe, kwa hiyo ndo swali la kwanza kuuliza kwa simu. Kwa umri huo huo daktari anaweza kumkagua kwa mkono akiwa amelala, anausukuma mfupa wa paja kuelekea kiunoni alafu anaufungua mguu nje taratibu, kama kiungo kimelegea kichwa kinarudi ndani kwa "klik" anayoisikia kwenye vidole. Usidharau ukaguzi huu, hauna gharama kubwa, na kama papi ana wiki chini ya 20 kuna upasuaji mdogo wa kufunga kiungio cha chini cha mfupa wa kiuno ili kikombe kikue vizuri, ambao baada ya umri huo hauna faida tena. Ndo maana papi mwenye wazazi wasiojulikana anatakiwa kuguswa nyonga kwenye chanjo za mwisho, sio akiwa na mwaka.

Picha ya kawaida, ile ya miguu imenyooshwa, inaweza kupigwa kuanzia miezi 4 kama picha ya awali. Ila uielewe: ikionyesha ubaya ni ubaya kweli, ikionyesha uzuri kwa umri huo bado haijakuhakikishia. Mbwa wengi wanaonekana safi kwa miezi 6 na wanabadilika baadae.

Cheti cha kuzalishia ni baada ya kukomaa. Mfumo wa Uingereza unapokea kuanzia mwaka 1. Mfumo wa FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, unaotumika Ulaya na kwingineko ni miezi 12, na kwa mbwa wakubwa sana kama Great Dane ni 18. OFA, shirika la Marekani la kukagua nyonga na viungo vya mbwa lililoanzishwa mwaka 1966, inatoa namba ya kudumu kuanzia miezi 24. Mimi ningekuwa na jike wa kuzalisha ningefanya awali kwenye mwaka mmoja ili nisiendelee kumlea kwa matarajio ya uongo, alafu ya mwisho miezi 24. Kwa jike angalia joto lake, yaani kipindi anachokubali dume, homoni zinalegeza kiungo na picha inaweza kuonekana mbaya kuliko ukweli, kwa hiyo kaa mbali na joto kwa wiki 3 mpaka 4, kabla au baada, na kama amezaa subiri wiki kama hizo baada ya kuachisha.

Na ni wapi

Sio kila klinik ya wanyama hapa mjini ina eksirei, nyingi ni chanjo, dawa za minyoo na vidonda. Piga simu kwanza, usipakie mbwa wa kilo 50 kwenye gari ukakae foleni ya Mwenge kwa kubahatisha. Uliza hivi: Mnayo mashine ya eksirei hapo hapo? Mbwa mnamlaza kwa dawa? Mnampima moyo na damu kabla? Mnatoa faili la kidijitali au filamu tu? Mmeshawahi kupeleka picha nje zikasomwe? Klinik ikijibu "hatumlazi, tunamshika tu", tafuta nyingine, kwa usalama wa wanaomshika pia, mionzi sio ya kukaa karibu nayo kila siku ukishikilia miguu ya mbwa. Mashine za mionzi zinatakiwa kuwa na kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki, na daktari awe amesajiliwa Baraza la Veterinari, sheria yake ipo tangu mwaka 2003. Kuuliza usajili sio kumdharau mtu, aliyesomea atakuonyesha kwa roho safi.

Kama Dar hujaridhika, Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro ndo wanaofundisha madaktari wa wanyama nchini na wana hospitali yao ya wanyama ya kufundishia. Ni kilomita kama 190, unapitia Kibaha na Chalinze. Piga simu uhakikishe mashine na mtu wake vipo siku hiyo, toka alfajiri kabla jua halijashika, beba maji, na usimweke mbwa nyuma ya pikapu wazi hasa wakati wa kurudi, mbwa aliyetoka kwenye dawa ya usingizi hawezi kujipoza vizuri, joto la saa nane linaweza kumuua. Boerboel na wenye pua fupi ndo kabisa. Kurudi ni akiwa ameamka vizuri, anasimama mwenyewe, kwenye gari lenye kiyoyozi au jioni.

Uzuri ni kwamba anayesoma picha sio lazima awe hapa. Picha ikishapigwa vizuri faili linatumwa OFA kwa intaneti na kule wataalamu watatu wa eksirei wanaisoma kila mtu kivyake, mbwa yuko zake Tabata amelala chini ya mwembe. Mwekee chip (kidude cha utambulisho chini ya ngozi) kabla ya siku ya picha na namba ya chip iandikwe kwenye picha yenyewe, bila hivo kesho hakuna wa kuthibitisha kwamba nyonga hizo ni za mbwa huyu na sio za ndugu yake.

Siku ya picha

Chakula usimpe kuanzia usiku, maji sawa mpaka asubuhi. Mwambie kijana wa kazi na watoto pia, maana kuna anayemwonea huruma akampa chapati saa kumi na mbili.

Ukionyeshwa picha usiitikie tu, iangalie. Mbwa analazwa chali, miguu inavutwa nyuma moja kwa moja. Picha nzuri inaonyesha kiuno chote mpaka magoti. Mifupa miwili ya mapaja iko sambamba. Vifuniko vya magoti viko katikati ya mfupa, havijaangalia nje. Matundu mawili ya mviringo chini ya mfupa wa kiuno yanalingana ukubwa, moja likiwa kubwa na jingine dogo kiuno kilikuwa kimepinda, na kiuno kikipinda nyonga ya upande mmoja itaonekana safi na ya pili mbovu bila kuwa kweli. Hapo omba irudiwe wakati bado amelala, usiondoke. Alafu tazama kichwa cha mfupa: kwenye nyonga nzuri kimezama, zaidi ya nusu yake iko ndani ya kikombe, na nafasi kati yao ni mstari mwembamba uliolingana.

Kuelewa majibu

OFA wana madaraja saba, matatu ya juu ndo yanapita, moja la katikati ni la kurudia baadae, matatu ya chini ni ugonjwa kuanzia mdogo mpaka mkali. Namba ya cheti ndani yake kuna herufi ya daraja, E ni bora kabisa, G ni nzuri, F inaridhisha, inafuatiwa na umri kwa miezi na jinsia. Ukiuziwa papi kwa cheti hicho, ingia kwenye tovuti yao utafute jina au namba mwenyewe, ni bure. FCI ni A mpaka E, na hapa watu wanachanganya vibaya sana, E ya FCI ndo mbaya kuliko zote wakati E ya OFA ndo bora, kwa hiyo jua kwanza karatasi ni ya nani. Uingereza wanahesabu kasoro, kila nyonga mpaka 53, jumla 106, namba ndogo ndo nzuri, mtu akikutambia mbwa wake ana 80 usimpongeze.

Majibu yakiwa mabaya mbwa hajafa. Kitu cha kwanza ni uzito. Kuna utafiti wa Labrador 48 waliofuatiliwa maisha yao yote, nusu walipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko wenzao, na wale waliopunguziwa nyonga zilichakaa kidogo na kwa wastani waliishi karibu miaka miwili zaidi, 13 dhidi ya 11.2. Mbavu zake uzisikie kwa vidole bila kubonyeza, na kiuno kionekane ukimtazama kwa juu. Najua mbwa mnene mtaani anaonekana anatunzwa, lakini kilo tano za ziada zote zinakaa kwenye kile kikombe kibovu.

Kuogelea kunafaa sana na sisi bahari tunayo, asubuhi mapema maji yakiwa yametulia, dakika chache na kuongeza polepole, umsuuze chumvi ukirudi. Kutembea kila siku kidogo kwa kamba ni bora kuliko kufungiwa wiki nzima alafu Jumapili mbio za saa mbili. Kuruka kutoka kwenye gari acha. Upasuaji upo wa aina kadhaa na wenyewe una umri wake, ule wa kukata na kugeuza mfupa wa kiuno unafanyika kwa mbwa mdogo ambaye kiungo hakijaanza kuchakaa, kwa hiyo ukisikia "tusubiri akue tuone" muulize daktari tunasubiri nini hasa na mlango upi unafunga wakati tunasubiri. Kukata kichwa cha mfupa kunaondoa maumivu ya mfupa kusagana na mfupa, ila mbwa wa kilo 50 anapona taratibu kuliko mdogo na anahitaji mazoezi ya kweli baada ya hapo.

Kuzalisha, hapana. Mhasi au mtenganishe, ila kama bado anakua mjadili na daktari muda wa kuhasi, mbwa wakubwa wakihasiwa mapema sana viungo vinaathirika. Na kama alishazaa, wapigie waliochukua papi uwaambie majibu, ni simu ngumu, lakini papi wa wiki 14 bado ana muda wa kukaguliwa na kusaidiwa kabla ya zile wiki 20.